Katika Nchi ya Kaulimoja, Ambako Kujua Peke Yako ni Kosa

Nitaieleza nchi ya Kaulimoja kama nilivyoikuta, wala sitaongeza chumvi, maana huko hata chumvi ya mchuzi hutiwa kwa kura, na mchuzi wao nimeula.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kuwafundisha wanaotaka kuwa wafamasia. Kwetu wanafunzi walikuwa wakifeli vibaya. Yuko aliyetoa dawa ya minyoo mahali pa dawa ya pumu na bado akadai alama za juhudi. Wakubwa wangu walisikia kwamba Kaulimoja hakuna mwanafunzi wa dawa aliyepata kufeli tangu kitu kiitwacho Jamvi kilipotandikwa. Wakanituma nikalione hilo Jamvi, nijifunze linavyofanya kazi, nirudi niwafundishe wenzangu.

Mpakani nilipokewa na maofisa watatu walioshika muhuri mmoja kwa pamoja.

"Mko wangapi?" wakauliza.

"Niko peke yangu."

"Peke yako na nani?"

"Peke yangu mwenyewe."

Wakatazamana kwa huruma, kama watu waliomwona mgonjwa ambaye bado hajaambiwa ugonjwa wake. Wakanieleza kwamba katika nchi yao mtu mmoja hahesabiwi kuwa mtu, ni sehemu tu ya kundi, na wakaanza kunitafutia kundi la kuniingiza. Lilipopatikana, lilikuwa la wanafunzi watano wa Chuo cha Dawa katika mji mkuu, Mwafaka. Nikaandikwa kuwa wa sita, kwa jina la "mgeni asiye na dole". Nilipouliza maana yake, waliniambia nitaiona.

Niliiona mapema. Kila raia wa Kaulimoja hubeba kishikwambi kifuani, kimening'inizwa kwa kamba kama kibao cha mtoto wa madrasa. Ndani ya kishikwambi ndimo lilimo Jamvi. Swali lolote likizuka, mtu huliweka Jamvini pamoja na jibu moja, na wenzake huliwekea kidole gumba wakikubali. Dole la mwisho likishawekwa, duara hugeuka kijani na vishikwambi vyote hupiga kigelegele. Hapo jibu limekuwa kweli. Kabla ya hapo si kweli, hata kama ni kweli.

Asubuhi ya kwanza niliagiza chai mgahawani nikaletewa uji. Nilipolalamika, mhudumu alinionyesha duara la kijani: meza yetu ilikuwa imeafiki uji. Kwenye meza hiyo walikaa watu nisiowajua, na mmoja wao alikuwa ameshaondoka.

Nilipanga chumba kwa Bi Shemsa, mjane mnene mwenye maneno machache, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara ya hospitali. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kila asubuhi alifumba macho, akameza kidonge kimoja cheupe kwa maji ya moto, kisha akakaa ameweka kiganja kifuani, kama mtu anayebisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Akiitikiwa, huinuka akakande unga. Yeye hakuwa na kishikwambi. Alikuwa amesamehewa kwa sababu ya umri na macho mabovu, na majirani walimhurumia sana, maana waliamini kwamba mtu asiye kwenye Jamvi hana la kufikiri.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mrefu aitwaye Dakta Mwinjaka, msomi mwenye sauti ya upole. Alinikaribisha ofisini pamoja na makamu wake, ambao walikuwa wakinyanyuka kila akinyanyuka, na akanieleza msingi wa elimu yao.

"Zamani," alisema, "mwanafunzi aliyejua alijivuna, na asiyejua aliaibika. Tukaona huo ni ukatili. Ndipo tukatunga Sheria ya Uchoyo wa Akili. Mtu akijua jambo kabla ya wenzake, analiweka moyoni mpaka nao walijue."

"Na wao watalijuaje kama yeye hasemi?"

"Kwa kushirikiana," akajibu, na makamu wote wakaweka dole.

Nikamwuliza kuhusu walimu. Akacheka kidogo. Walimu walifutwa, sasa wapo wawezeshaji. Mwezeshaji hafundishi, anauliza tu "Ninyi mnaonaje?" Hivi karibuni mmoja alisimamishwa kazi baada ya kujibu swali. Alijitetea kwamba lilimponyoka.

Mwezeshaji wa kundi letu, Bwana Mtengwa, hakuwa mtu wa kuponyokwa. Nilimwuliza faraghani kama anajua dawa.

"Nilijua zamani," alisema bila majuto, "kabla sijapandishwa cheo."

Sasa niwajulishe hao watano. Kinara wao alikuwa Mwanjaa, binti mwenye tabasamu ambaye kazi yake ilikuwa kuona kila mtu anaridhika. Kombo alikuwa kijana mwenye haraka, daima jicho moja kwenye mlango. Kulwa na Doto walikuwa mapacha wa kiume waliotazamana kabla ya kupiga chafya. Wa tano alikuwa Siwema, msichana mwembamba, mkimya, ambaye wenzake walimwogopa kidogo kwa sababu aliwahi kuonekana amekaa na kitabu. Alikuwa amekifunga upesi, akasema alikuwa akikipangusa vumbi.

Mitihani yao niliihudhuria na siwezi kuilaumu kwa uvivu. Walijadili kwa bidii kubwa. Lakini mjadala wao ulikuwa wa namna yake: mmoja akiandika jibu, wa pili aliandika "naunga mkono", wa tatu "naunga mkono mkono", na wa nne akashukuru kwa mchango. Siku moja walikubaliana kwamba figo ziko kichwani. Kigelegele kikapigwa. Alasiri hiyo chuo kilitoa tangazo la kuwaomba radhi wote waliokuwa wakiziona mahali pengine.

Niliandika habari hizo zote kwa utulivu, nikijiambia kwamba kila nchi ina desturi zake na mgeni ni kuku mweupe. Utulivu huo uliniishia siku nilipoona kuwa Kaulimoja hawafanyi mazoezi ya kutoa dawa kwa wagonjwa wa kuigiza. Mafunzo hufanyika kwenye dirisha la dawa la hospitali, na wagonjwa hukaa kwenye benchi kusubiri maafikiano.

Siku hiyo Bi Shemsa alikuja dirishani. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha, na daktari alikuwa amemwandikia vingine. Mwanjaa aliipiga picha karatasi ya daktari kwa kishikwambi, na picha ikatokea Jamvini, kubwa, mbele ya sote. Nilisogea nikaitazama. Kipimo kilikuwa na sifuri, mbili na tano, kama kawaida ya dawa ile ya moyo. Ila nukta zilikuwa mbili. Moja ilikaa baada ya sifuri, na nyingine kati ya mbili na tano. Ukiifuata ya kwanza, bibi anameza kidonge kimoja, kama alivyozoea. Ukiifuata ya pili, anameza vidonge kumi.

Dawa ile ikizidi kipimo haina masihara. Huupunguzia moyo mapigo, kisha huyakomesha.

"Tumwulize daktari aliyeandika," nikasema.

Bwana Mtengwa akanijibu kwa adabu kwamba daktari aliyeandika ni kundi, na kundi lenyewe lilikuwa limevunjika asubuhi kwa ugomvi wa nani awe kinara. Kisha akawageukia wanafunzi. "Ninyi mnaonaje?"

Swali likawekwa Jamvini: nukta ipi ni nukta? Sikuona nani aliyeanza, lakini dole likatokea kwenye nukta ya pili, likafuatwa na jingine. Kombo akatazama mlango, naye akabonyeza. Mwanjaa akatabasamu, akabonyeza. Yakawa madole manne na duara lililotaka la tano.

"Jamani, hiyo ni sumu!" nikapaza sauti. "Atakufa!"

Wote wakaniachia nafasi mpaka nimalize, kwa heshima, kama watu wanaongoja lori lipite ndipo waendelee na mazungumzo. "Mgeni ametoa sauti," akasema Bwana Mtengwa. Nikaingiza mkono dirishani nizuie chupa ya dawa, mabawabu wawili wakanishika mabega na kunirudisha nyuma taratibu, wakiniomba radhi.

Siwema alikuwa ameinamia kishikwambi chake. Nilikiona kidole chake juu ya kioo, bado hakijagusa. Wenzake wakamtazama, si kwa ukali, bali kwa ule upole wa watu wanaotaka kwenda kula. Akabonyeza. Duara likawa kijani, vigelegele vikapigwa, na Kombo akahesabu vidonge kumi kwenye kikaratasi.

Bi Shemsa akavishika akavipima uzito mkononi. "Wanangu, vyote hivi kwa mara moja? Mimi nilikuwa nameza kimoja."

"Bibi, tumekubaliana," akasema Kombo.

"Wote?"

"Wote."

"Haya, kama mmekubaliana." Akaomba maji.

Alipewa kikombe. Akavimimina vidonge kiganjani, akafumba macho kama afanyavyo kila asubuhi, akapeleka mkono mdomoni. Hapo Siwema aliruka juu ya kaunta. Hakuzunguka mlangoni, alipita palepale dirishani, kishikwambi kikagonga fremu na kuvunjika, akampiga bibi mkono kwa nguvu zake zote. Vidonge vikatawanyika sakafuni.

"Usimeze!" alilia. "Usimeze, bibi! Moyo utasimama! Ni kimoja! Ni kimoja tu!"

Benchi zima likasimama. Ving'ora vikalia. Bi Shemsa, aliyekuwa amemwagikiwa maji kifuani, alimtazama yule binti aliyekuwa ameanguka miguuni pake, akamwambia, "Umeniumiza mkono, mwanangu. Ahsante." Kabla hajamaliza neno hilo Siwema alikuwa ameshakamatwa kwa kosa la kujua peke yake hadharani.

Kesi ilisikilizwa upesi, kwa sababu taifa zima lilikuwa na hofu. Watu walinong'ona kwamba kama mmoja anaweza kujua, kesho watajua wawili, na baadaye haitajulikana nani anajua nini. Majaji walikaa kwa safu na vishikwambi vyao. Mshtaki alikuwa Dakta Mwinjaka mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na upole uleule.

"Binti yangu Siwema, ulijuaje kuwa ni kidonge kimoja?"

"Nilisoma, mama."

"Ulisoma na nani?"

"Peke yangu."

Ukumbi ukaguna. Mama mmoja aliziba masikio ya mtoto wake.

"Na mbona uliweka dole?"

"Niliogopa. Wenzangu wanne walikuwa wamekubali. Nikasema moyoni, labda kitabu changu kimekosea. Halafu nikamwona bibi anafumba macho."

Dakta Mwinjaka akamwita Mwanjaa athibitishe kwamba kundi liliafikiana kwa nia njema. Mwanjaa alisimama na tabasamu lake, akafungua kinywa, na tabasamu likaporomoka.

"Mheshimiwa, na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba mtu mzima hapewi dawa ile zaidi ya kidonge kimoja kwa siku. Lakini nilimwona Kombo ameweka dole. Nikadhani anajua zaidi yangu, na sikutaka kumvunja moyo."

"Mimi?" Kombo akaruka kutoka kitini. "Mimi nilijua kuwa bibi amezoea kimoja, nilimhudumia mwezi uliopita! Nilibonyeza kwa sababu mapacha walikuwa wameshabonyeza!"

Wakaitwa mapacha. Kulwa akasema alifahamu vizuri nguvu ya dawa ile, ila alimfuata Doto. Doto akasema yeye hakuifahamu dawa, ila aliitazama picha kwa makini kuliko wote, akaona kuwa ile nukta ya pili ilikuwa na mguu.

"Mguu?" majaji wakauliza kwa pamoja.

"Mguu wa nzi, waheshimiwa. Alikuwa nzi aliyepondwa. Lakini nilimfuata Kulwa."

"Na wewe Kulwa ulimfuata nani?"

"Doto."

Majaji wakainama Jamvini kutafuta ni nani aliyekuwa wa kwanza. Hawakumpata. Kila dole lilikuwa limemfuata mwenzake, na la kwanza lilikuwa limelifuata la pili.

Siwema alikuwa amewageukia wenzake. Nilidhani atakasirika, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeoga maji baridi. "Kumbe mlijua," akasema. "Nyote mlijua. Mbona hatukusemezana?"

"Mlikuwa Jamvini siku nzima!" Dakta Mwinjaka akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikampanda. "Mlisemezana tangu asubuhi!"

"Tulikuwa tunakubaliana, mama," Doto akamjibu. "Kusemezana hatukusemezana."

Bi Shemsa, aliyekuwa ameketi mbele kabisa na mkono wake umefungwa kitambaa, akainuka bila kuitwa. "Na mimi nina neno," akasema. "Niliwauliza kwa nini kumi, mkaniambia mmekubaliana. Moyo wenyewe ninao mimi. Mbona mimi sikuulizwa?"

Kwa kuwa hakuwa na kishikwambi, swali lake halikuandikwa.

Majaji walijadiliana mpaka jua likageuka. Hukumu yao ilikuwa hivi. Siwema hana hatia ya kujua peke yake, maana imethibitika kuwa walijua watano. Lakini wote watano wana hatia kubwa zaidi, ambayo sheria haikuwahi kuifikiria: kujua pamoja bila idhini ya Jamvi. Adhabu ni kunyang'anywa vishikwambi na kupelekwa kwenye zahanati ya mpakani, kila mmoja kwenye dirisha lake, ukuta katikati, marufuku kusemezana, ili waonje upweke wa kujua. Kigelegele kilipigwa. Watu walilia kwa ukali wa adhabu hiyo. Bwana Mtengwa alikuja kuwaaga, akasimama mbele yao kwa muda, midomo ikitaka kusema kitu. Mwishowe aliuliza, "Ninyi mnaonaje?" akaondoka akifuta macho.

Kwa kuwa nilikuwa wa kundi lao, nami nikafukuzwa nchini siku ileile, na njia yangu ilikuwa moja na yao. Bi Shemsa alitupatia mikate ya njiani. Alikuwa amekwisha meza kidonge chake, kimoja.

Asubuhi nilipokuwa nikisubiri muhuri mpakani, nilikwenda kuitazama zahanati. Ilikuwa jengo la udongo lenye madirisha matano yaliyopangana, na kila dirisha lilikuwa na kichwa kimoja kimenyong'onyea ndani yake. Mbele yao alitembea askari mmoja tu, mtu mzima wa sharubu, fimbo kwapani. Kwa kuwa askari wa Kaulimoja hufanya kazi kwa vikosi, kukaa peke yake kulimsumbua, na kila mara aligeuka kumtafuta mwenzake.

Wagonjwa hawakuja. Walikuwa wanaogopa kuhudumiwa na mtu mmoja mmoja. Askari alitembea, akarudi, akatembea. Kisha akasimama mbele ya dirisha la Siwema, akatazama huku na huku, akatoa karatasi mfukoni na kuipitisha.

Siwema aliisoma kwa muda mrefu. Nilimwona akiigeuza, akiiinamia, akihesabu kwa vidole. Akainua uso, na ulikuwa umejaa hofu.

"Hii siijui vizuri," akasema.

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Hapa kuna dawa mbili. Moja naijua. Ya pili sina hakika kama inakaa na mwenzake." Akagonga ukuta kwa konde. "Kombo! Mwanjaa! Hebu njooni mwangalie hapa. Doto, njoo wewe mwenye macho!"

Askari akaichomoa fimbo kwapani. "Marufuku! Nimewekwa hapa kuhakikisha hamsemezani!"

Vichwa vilivyokuwa vimeanza kuchungulia vikarudi ndani. Siwema hakuirudisha karatasi. Aliibana kwa viganja vyote viwili juu ya kizingiti cha dirisha.

"Afande," akamwuliza, "mgonjwa ni nani?"

Yule mtu akazichezea sharubu zake. "Binti yangu," akasema. "Wa mwisho. Ana miaka minne."

Kishikwambi chake hakikumsaidia, maana hapakuwa na mwenzake wa kuweka dole. Alinitazama mimi, lakini mimi sikuwa na dole. Akatazama barabara ya Mwafaka, ambayo ilikuwa tupu. Kisha akatugeuzia mgongo sote, akaiweka fimbo chini.

"Semezaneni," akasema. "Ila, tafadhalini, bishaneni vizuri."